Ukuta wa Siafu

Mzazi aliyejaliwa mtoto mpole hudhani ni malezi yake. Atakaa mlangoni, atakunja nne, atakumiminia ushauri ambao hukumwomba, na huku mwanawe kajaliwa tu kupenda usingizi. Mpe Siafu siku moja, asubuhi hadi magharibi, halafu aje atueleze habari za malezi.

Siafu alikuwa na miaka saba. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu mtoto yule hakuwa na desturi ya kuzunguka kitu. Akikikuta njiani anakiingia. Saa ya ukutani aliifungua akatoa vigurudumu vyote, akavipanga sakafuni kuanzia kidogo hadi kikubwa, na tangu siku hiyo nyumba nzima ikawa inajua saa kwa kuuliza jirani. Sabuni ya kufulia aliitia sufuriani akaichemsha, ajue povu likiiva linakuwa nini. Godoro alilipima kwa vikombe vya maji, linywe mangapi kabla halijashiba. Na ukimkuta katikati ya mambo hayo, nywele zimejaa unga na gauni limelowa hadi kiunoni, hakimbii wala halii. Anakutazama kwa macho ya mtu aliyekuwa akikusubiri, kisha anakueleza alichogundua.

Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na mtaa mzima walimwita Fundi. Mchana kutwa alifunika makochi ya watu kwa mashuka makuukuu lisidondoke tone, akabandika karatasi kwenye vioo, akafuta kila alama ya kidole. Jioni alirudi kwake akakuta yaliyomngojea. Msidhani alikuwa malaika. Alifoka mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na mara mbili aliapa kwamba atamfunga yule mtoto kwenye mguu wa meza. Lakini sheria ya nyumba ilikuwa na vipengele viwili tu: ukichafua unafuta, na ukivunja unaniambia kabla sijakanyaga. Siafu alivishika vyote viwili. Jioni nyingi mngewakuta wamepiga magoti bega kwa bega, kila mmoja na kitambaa chake, mtoto akiuliza na baba akijibu anachokijua na kukiri asichokijua.

Walikuwa wawili tu. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, mwanamke mtulivu, wa sauti ya chini, asiyependa kumsumbua mtu. Uvimbe wa tumboni alikaa nao miezi bila kumwambia hata mumewe, na siku alipofikishwa hospitali daktari alikuwa hana la kufanya. Msibani watu walinong'ona kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Fundi aliwasikia, na kama si kuuheshimu msiba angemzaba mtu makofi.

Sasa tuje kwenye kochi, kwa maana kesi yote ilianzia hapo.

Mwalimu aliwaambia darasani kwamba mbegu ya haragwe ikiwekwa kwenye pamba mbichi huota. Siafu hakuwa na pamba. Alikuwa na kochi, na ndani ya kochi mna sponji, na sponji na pamba zina tofauti gani? Akafumua mshono kwa chini pasipoonekana, akapachika maharage thelathini na moja, na kila asubuhi kabla ya shule akanywesha kochi kikombe kimoja cha maji. Siku ya sita wakaja wageni wasiotarajiwa, bibi mzaa mama na mama mkubwa, dada wa marehemu. Huyo mama mkubwa alikuwa matroni wa bweni la wasichana, mwenye funguo kiunoni hata akiwa safarini, na siku hiyo alikuwa amevaa sketi ya rangi ya maziwa. Akachagua kukaa hapohapo.

Aliponyanyuka, sketi ilikuwa na bwawa nyuma, na harufu iliyomfuata haielezeki mbele ya watu wanaokula. Akaupindua mto wa kochi. Chini yake vilikuwa vimechomoza vichipukizi vyeupe, vimejikunja, vinatafuta mwanga. Siafu akapiga makofi kwa furaha, akaanza kuvihesabu kwa sauti.

Mama mkubwa hakupandisha sauti, maana watu wenye funguo hawana haja. Alisema kwake kuna wasichana arobaini, na saa kumi na mbili asubuhi vitanda arobaini vimenyooka mpaka unaweza kuviringisha yai. Akaonyesha kochi, akaonyesha saa isiyo na tumbo, akaonyesha ukuta mrefu wa sebule uliojaa michoro ya zambarau, tutaufikia huo ukuta. Akasema hii si nyumba, ni kichaka, na mwanamume peke yake hawezi kulea mtoto wa kike. Bibi, aliyekuwa akimpenda mkwewe kwa namna yake, akaongeza kwa upole kwamba mtoto anahitaji kunyooshwa mapema. Wakakata shauri palepale: watarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wakikuta nyumba ni nyumba na mtoto ni mtoto, watanyamaza. Wakikuta haya, wataondoka naye, akalelewe kwa mama mkubwa, safari ya saa sita kwa basi.

Na Fundi akasema, "Sawa, Mama."

Hapo ndipo alipokosea, na msimtetee. Ni kweli kwamba mama mkwe habishwi; ukiongea naye unatazama vidole vya miguu yako, na akisema jua limechwa adhuhuri unawasha taa. Lakini mtu hutazama vidole vyake kwa mambo yake mwenyewe. Yeye alivitazama huku akimweka mwanawe rehani, na neno likishatoka kwa mkwe halina pa kurudi.

Wiki tatu zile alizitumia kutengeneza. Kochi lilishonwa upya, saa nyingine ikatundikwa juu kabisa pasipofikika, sufuria zikasuguliwa mpaka zikaona haya. Kila jirani alikuwa na ushauri. Fundi viatu wa nyumba ya pili, aliyekuwa rafiki wa Siafu kwa sababu alimruhusu kunusa gundi kwa mbali, alimwambia awapige wakweze kwa neno moja zito: mtoto huyu atakuja kuwa injinia, ndiyo maana anafumuafumua. Ukisema injinia, alisema, watu wazima wananyamaza. Fundi aliifikiria hoja hiyo siku nzima juu ya ngazi, brashi mkononi. Ikamkera, na hakujua kwa nini mpaka jioni. Na asipokuwa injinia je? Akikua akawa mtu tu, mwenye kuuza vitunguu na kupenda kujua mambo, ndiyo arudishiwe adhabu zote alizosamehewa utotoni?

Kilichobaki ni ukuta.

Sebule ile ilikuwa na dirisha upande mmoja, na tangu asubuhi hadi karibu na adhuhuri jua lilipiga moja kwa moja ukuta wa pili. Yeyote aliyesimama katikati, kivuli chake kilidondokea ukutani. Siafu aliamua kujua ni saa ngapi mtu na kivuli chake huwa urefu sawa. Basi kila aliyeingia aliambiwa asimame kidogo, na kabla hajauliza kulikoni ameshazungushiwa mstari kwa kalamu. Walikuwa wameingia ukutani muuza maziwa na kopo lake, fundi viatu na nyundo, mwalimu aliyekuja kulalamika akaishia kuchorwa, na baba mtu mara nne, nyakati nne tofauti, mrefu, wa wastani, mfupi na mfupi zaidi. Hata bibi alikuwamo. Siku ile ya kochi, mama mkubwa alipokwenda uani kuanika sketi, bibi alisinzia kwenye kiti cha dirishani kichwa kikaenda nyuma na mdomo ukabaki wazi, na Siafu hakuona sababu ya kumwamsha.

Kalamu yenyewe ilikuwa ya baba, ile ya wino mzito aliyoandikia namba za rangi kwenye vifuniko vya makopo. Hapa ndipo penye ufundi, nisikilizeni vizuri. Wino ule haufi kwa rangi ya maji. Ukiupaka rangi ya maji juu yake, maji yanauamsha, nao unapanda. Rangi ikiwa mbichi huoni kitu, ikianza kukauka unaanza kuona aibu yako. Dawa yake ni kupaka kwanza praima ya mafuta, rangi ya kuziba ukuta, ikauke siku nzima, ndipo uje na nyeupe yako. Jambo hili Fundi alilijua kuliko jina lake. Alikuwa amewafundisha vibarua wasiopungua kumi, na mmoja alimfukuza kabla ya chai kwa kulisahau.

Lakini wiki hiyo kazi ya ofisi moja ilimng'ang'ania hadi Ijumaa mchana. Alipofika nyumbani siku moja ya kungoja praima hakuwa nayo. Akajiambia rangi ni ya bei nzuri. Akajiambia ukuta una kiu, utanyonya. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Akafungua kopo la nyeupe ya maji na kuanza.

Siafu alisimama nyuma yake, mikono mgongoni.

"Unawafuta wote?" aliuliza.

"Wote."

"Hata fundi viatu?"

Fundi alisema hata fundi viatu. Kisha akashuka kwenye ngazi, akachuchumaa, akampa maagizo ya kesho huku rangi ikimdondoka kwenye kiwiko. Atakaa kwenye kiti. Atakalia mikono yake. Ataitikia akiulizwa, na yeye mwenyewe hatauliza kitu, hata kimoja, mpaka wageni waondoke.

"Hata kama nataka kujua?"

"Hata kama."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa kwenye kiti, akakalia mikono yake ili ajaribu. Fundi akaendelea kupaka. Kabla giza halijaingia mistari ilikuwa imeanza kurudi, hafifu, akapiga mkono wa pili, na alfajiri ilikuwa imerudi tena, basi Jumamosi saa moja asubuhi akapiga mkono wa tatu, mzito kama uji. Hilo nalo ni kosa, kwa sababu rangi nzito hukawia kukauka, na siku hiyo mawingu yalikuwa yametanda. Ukuta ulibaki umelowa, mweupe, mzuri wa kupigia picha. Fundi akaomba mawingu yakae hapohapo mpaka saa sita, basi la wageni liondoke.

Wageni walifika saa nne. Mama mkubwa alisimama mlangoni akavuta pumzi, akasema nyumba inanuka usafi. Akapitisha kidole juu ya meza, akakitazama, akakikuta safi. Kochi alilibonyeza mara mbili kabla ya kulikalia. Bibi akapewa kiti kile cha dirishani, mkono wake ukashikwa vizuri, akauliziwa magoti yake, safari na mbuzi zake. Chai ikaletwa. Na kwenye kiti cha pembeni Siafu alikaa, nywele zimesukwa zikakazwa, gauni limepigwa pasi, mikono imekaliwa.

Mama mkubwa akamsaili. Shule inaendeleaje? Inaendelea vizuri, mama mkubwa. Unamsaidia baba? Ndiyo, mama mkubwa. Umeacha ule utundu? Nimeacha, mama mkubwa. Maswali yakatoka na majibu yakarudi, mafupi, yamenyooka kama vile vitanda arobaini. Mama mkubwa akamgeukia Fundi akiwa ameridhika kabisa, akasema sasa huyu ndiye mtoto, siku zote alisema inawezekana.

Fundi alikuwa ameshinda. Alingoja furaha ije, haikuja. Alimtazama yule mtoto aliyetulia, mwenye sauti ya chini, akaona kama ameletewa mgeni na kuambiwa ndiye mwanawe. Akamwonea huruma, akajionea haya, akanywa chai yake ikamchoma ulimi.

Saa tano mawingu yakapasuka. Jua likaingia kwa dirisha, likatua ukutani, na rangi ikaanza kukauka.

Lilitangulia kopo la muuza maziwa. Siafu ndiye aliyeliona kwanza, maana alikuwa ameuelekea ukuta. Mama mkubwa aliupa ubavu, na bibi alikuwa akipuliza chai. Mstari wa zambarau ulijitokeza taratibu kwenye weupe, ukachora mpini, ukachora mkono ulioushika, kisha bega, kisha kichwa. Kando yake fundi viatu akaanza na nyundo. Hakuna aliyewagusa. Walikuwa wanarudi wenyewe.

Fundi aliona anachokiona mtoto. Akamtazama Siafu, akitegemea kelele. Siafu hakupiga kelele. Alikuwa ameahidi. Macho yalikwenda ukutani, yakaja kwa baba, yakarudi ukutani. Miguu isiyofika chini ilikuwa inakimbia hewani. Midomo ameibana mpaka imepauka, na nyuma yake swali linagonga litoke. Alikuwa anaona jambo la ajabu kuliko yote aliyowahi kuona katika miaka yake saba, na alikuwa analimeza kwa sababu baba alimwambia alimeze.

Midomo ile Fundi alikuwa ameshaiona. Ilikuwa wodini, siku daktari alipomaliza kueleza, akamwuliza mgonjwa kama ana swali lolote. Mkewe aliibana hivyohivyo, akatikisa kichwa, akatabasamu ili watu wasisumbuke.

"Siafu," alisema. "Uliza."

Mama mkubwa akageuka. Mtoto alisita, hakuamini.

"Uliza, mwanangu. Nilikosea. Toa mikono hapo uulize."

"Baba, kwa nini wanarudi?"

"Kwa sababu wino ule una nguvu kuliko rangi niliyopaka. Maji yanauamsha, unapanda nayo. Ilitakiwa nitangulize mafuta. Nilijua, nikafanya haraka, nikitaka bibi yako na mama yako mkubwa wasiwaone."

Siafu alikuwa ameshashuka kitini. Sasa wageni wote wawili waliutazama ukuta, nao ukuta haukuwa na huruma: mwalimu alikuwa amefika kiunoni, baba wanne wamesimama kwa mpangilio wa urefu, na karibu na pembe, juu ya kiti, mtu mwingine alikuwa anajikamilisha kwa madaha, kilemba kwanza, kisha paji la uso, kisha mdomo ulioachama.

"Na huyo ni nani?" aliuliza mama mkubwa.

"Ni bibi," alisema Siafu, kwa kuwa ameambiwa akiulizwa aitikie. "Alikuwa amelala."

Bibi akaweka kikombe chini. Kisha mama mkubwa akasimama, akanyoosha sketi yake, akasema yeye hakuja kuchekwa. Fundi alikuwa amewapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akawapambia ukuta na akawapambia mtoto, lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii ndiyo imeishia hapa. Neno lilitolewa mbele ya mama na neno litatimizwa. Siafu afungashiwe nguo, basi linaondoka saa sita. Fundi alijibu kwamba kweli amewadanganya, na kwa hilo anaomba radhi. Lakini nguo hakwenda kuzifunga.

Bibi ndiye aliyejaribu kuiponya ile hali. Alisema kwa sauti ya mama anayembembeleza mtu anywe dawa.

"Mwanangu, usione tunakuonea. Hata mama yake alikuwa hivihivi. Mdomo haufungi, mkono hautulii, kila kitu kwa nini, kwa nini. Tukamnyoosha. Na wewe mwenyewe ulipokuja kuposa ulimkuta msichana mtulivu, ukampenda."

"Samaki mkunje angali mbichi," akaongeza mama mkubwa.

Fundi alinyanyua macho kutoka kwenye vidole vya miguu yake. Katika miaka yote ya ukwe wao hakuwa amemtazama mama mkwe usoni hata mara moja, na sasa alimtazama.

"Samaki anayekunjwa, shemeji, ameshakufa," alisema. Kisha akasema na bibi. "Mama, heshima yako iko palepale. Lakini hili leo ndiyo nalisikia. Miaka tisa nimelala na mwanao kitanda kimoja, sikujua kama kuna siku aliwahi kuuliza. Aliumwa miezi mingapi, hakuuliza mtu. Daktari alimwambia kama una swali sema, akatikisa kichwa. Mlimnyoosha, Mama. Mlimnyoosha vizuri mno. Huyu simtoi."

"Ulitoa neno lako," alisema mama mkubwa, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa imepanda.

"Nililitoa. Leo nalirudisha. Nendeni mkaseme sina adabu, ni kweli, na muongeze kwamba kochi bado lina maharage."

Hilo la kochi halikuwa kweli, ila alishapamba moto. Mama mkubwa akachukua mkoba wake. Alisema mtoto huyo akija kumshinda asipite mlangoni kwao, na asijitie kuwapigia simu. Fundi akasema hatapita kumleta, atapita kuwasalimia. Bibi aliinuka baada yake. Mlangoni alisimama kidogo, akautazama ule mdomo ulioachama ukutani, kilemba chake na kiti chake, kisha akamfuata binti yake barabarani kwa magoti yake mabovu.

Mlango ulipofungwa Fundi alikaa chini sakafuni, akakaa kitambo. Amemvunjia heshima mama wa marehemu, ndani ya nyumba yake, juu ya chai yake. Mtaa utalisema hili mpaka watoto wao waoe. Alitafuta majuto moyoni mwake, akapekua kila pembe, akakuta hofu tu, na chini ya hofu furaha kubwa ya jeuri, kama ya mtu aliyetua mzigo ambao hata hakuwa wake.

Siafu alikuwa ukutani, anafuata mstari kwa kidole, kidole kimeshakuwa cheupe na gauni lishapata alama. Akageuka.

"Baba, mama alikuwa anauliza nini?"

Fundi alijua mkewe alipendelea upande gani wa kitanda. Alijua chumvi yake, wimbo wake wa kufulia, jinsi alivyokunja mashuka. Hili hakulijua. Ulimwenguni walibaki watu wawili wanaolijua, na wote wawili walikuwa njiani kwenda stendi, na mmoja kati yao alikuwa na miaka sabini na nne.

"Vaa viatu," alisema.

Siafu alivaa kimoja, cha pili akakibeba. Wakashuka ile barabara mbio, baba ana rangi kwenye nywele, mtoto ana rangi kwenye gauni lililopigwa pasi, na waliokuwa milangoni mwao wakasimama kutazama. Kama mtu aliuliza kuna nini, hawakusikia.

Basi lilikuwa limeshawashwa, kondakta anafunga buti. Bibi alikuwa kiti cha mbele kabisa, mkoba mapajani. Mama mkubwa kando yake, upande wa dirisha. Fundi akamwinua Siafu akamweka kwenye ngazi ya mlango. Mama mkubwa alipowaona akadhani wameshindwa. Akasogea kidogo, akaacha nafasi ya mtoto kukaa.

"Bibi," alisema Siafu huku akihema, "mama alikuwa anauliza nini alipokuwa mdogo?"

Abiria wa viti vya mbele wakaacha mazungumzo yao. Bibi alimtazama mjukuu wake, akamtazama mkwewe nyuma yake, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Maji," alisema mwishowe. "Nikishadeki alikuwa anakaa sakafuni, anayaangalia yanavyokauka. Alitaka kujua yanakwenda wapi."

"Ukamwambia?"

"Nilimchapa."

Mama mkubwa aligeuza uso wake dirishani. Siafu alifikiri, kisha akapanda ngazi ya pili, akawa uso kwa uso na bibi yake.

"Alivyochapwa, akauliza tena?"

Kondakta alikuwa amefika mlangoni. Aligonga bati la basi kwa kiganja, akamwambia Fundi amteremshe mtoto, muda umekwisha, dereva anataka kuondoka. Fundi akaweka mguu kwenye ngazi, akashika nguzo za mlango kwa mikono yote miwili, rangi na yote.

"Gari haliondoki," alisema. "Mtoto bado anauliza."